Kikao Kilichompa Mama Cheche Vidonda

Kama mtaani kwetu kuna geti ambalo mwizi alilitazama, akashusha pumzi, akaenda kutafuta kazi halali, basi hilo limechomelewa na Mama Cheche. Kitu chepesi hakukijua. Ukimwagiza grili ya dirisha la choo, anakuletea chuma cha kumzuia faru, halafu anakugombeza kwa kuwa na choo kidogo.

Jina hilo alipewa na wateja. Mumewe alikufa mapema, labda kwa kuchoka, na binti yao wa pekee ni mwalimu katika mji mwingine, kwa hiyo waliobaki karibu naye kutwa nzima walikuwa wateja, nondo na mashine. Mdomo wake na mashine yake vilitoa cheche sawasawa. Tofauti ni kwamba mashine ilikuwa na swichi ya kuzimia.

Sasa mwanamke wa namna hii alipoanza kukwamwa na chakula, hakumwendea daktari. Alimwendea mwuza nyama.

"Hii nyama yako ni ya ng'ombe au ya kiti?" akamwuliza mbele ya foleni.

"Mama Cheche, mbona wenzako wote wanakula?"

"Wenzangu waoga! Mimi jana ilinikaa hapa," akajigonga kifuani, "mpaka nikamwona marehemu babu ananipungia mkono."

Akahama bucha. Nyama ikakwama. Akaacha nyama, akashika mkate; mkate nao ukakwama. Akawa anauloweka kwenye chai mpaka uwe kama gundi, kisha anausukuma kwa kujipiga ngumi kifuani, kama mtu anayegombana na droo iliyogoma. Kamba za aproni yake ya ngozi, ambazo zamani zilikutana mgongoni kwa mbinde, sasa zilizunguka kiuno zikarudi mbele kufungwa. Kila mtu aliona. Hakuna aliyesema, kwa sababu kumwambia Mama Cheche "umekonda" ni jambo la kufanya ukiwa umeshaandika wosia.

Aliyempeleka hospitali ni kaka yake mkubwa. Mtaani anaitwa Mwenyekiti, na wala si utani. Ameongoza vikao vya harusi, vya misiba, vya ukoo na vya mtaro wa maji machafu. Nasikia hata chakula cha jioni nyumbani kwake kina ajenda na yatokanayo.

Hospitalini walimchoma Mama Cheche sindano ya usingizi, wakamshusha mpira wenye kamera kooni, wakakata kinyama kidogo kikaenda maabara. Majibu yalipotoka, mgonjwa alikuwa wodini amelala chini ya dripu ya maji, na Mwenyekiti alikuwa koridoni. Kwa hiyo koo likawa la dada, majibu yakawa ya kaka.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akaeleza: ni kansa ya umio, yaani lile bomba linaloshusha chakula tumboni. Imeshafika kwenye matezi na kwenye ini, kwa hiyo kisu hakitasaidia. Kitakachosaidia ni dawa mbili kwa pamoja.

"Nitamweleza mwenyewe akiamka," akasema daktari.

Mwenyekiti akamshika bega. "Daktari, mwanangu. Kwetu haifanyiki hivyo."

Kwetu! Hilo neno limeshaua watu wengi, na halijawahi kufikishwa mahakamani hata siku moja.

Daktari akabisha kidogo. Lakini foleni yake ilikuwa imetoka nje ya mlango na kupinda kona, na Mwenyekiti ni mtu anayeweza kuongea mpaka tembo akajilaza mwenyewe. Kijana akasalimu amri. Akabaki kumweleza kaka mtu yale aliyopaswa kumweleza mwenye mwili.

"Dawa ya kwanza ni kemo. Hiyo inaipiga kansa kwa rungu, na rungu halichagui, ndiyo maana hata nywele zinaondoka. Dawa ya pili ni ya kuamsha kinga ya mwili. Chukulia kansa ni mwizi aliyeiba sare ya mlinzi. Anapita mbele ya askari wa mwili, wanampigia saluti. Hii dawa inamvua sare. Wakimwona alivyo, wanamshughulikia wenyewe. Kile kinyama tulichopima kinaonyesha inaweza kumfaa, na hospitali imeipata kwa wagonjwa wachache. Nimemwombea nafasi, amepata."

"Safi sana."

"Lakini nisikilize, mzee. Askari wakishaamka, kuna wakati wanapiga hata wenye nyumba. Wanaweza kuvamia utumbo, mapafu, ngozi. Akiharisha, akikohoa, akibanwa pumzi, nataka kujua siku hiyohiyo. Msimpe dawa za dukani. Mnaniletea mimi."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Jumapili kikaitishwa kikao sebuleni kwake. Alikuwepo mkewe, yaani wifi wa mgonjwa, alikuwepo shangazi, walikuwepo na ndugu kadhaa wa kujazia viti. Binti alihudhuria kwa simu, wameiegemeza kwenye chupa ya chai. Ajenda ilikuwa moja: mgonjwa apewe ugonjwa gani.

Msicheke. Watu wazima waliketi wakamchagulia mwenzao ugonjwa kama wanavyochagua kitambaa cha sare ya harusi.

"Presha," akasema mmoja.

"Presha haikwamishi mkate."

"Basi tezi la shingo."

"Atalitafuta kwenye kioo, asipoliona atauliza."

"Vidonda vya tumbo," akasema shangazi, ambaye ana vya kwake tangu enzi hizo na anajivunia kama nishani. Wakaafiki kwa sauti moja. Na ile dawa ya pili? Vitamini. Vitamini haijawahi kumtisha mtu.

Simu ikakohoa. "Mjomba, mama si mtoto."

"Ndiyo maana tunamlinda, mwanangu. Mtu hauawi na ugonjwa, anauawa na habari."

"Basi mimi nakuja."

"Usije! Mgonjwa akiona watoto wanajitokeza na si sikukuu, ameshajua. Unataka kumwua mama yako?"

Binti akaanza kujibu, simu ikakatika. Wapo wanaosema ni mtandao. Wapo waliokuwa wamekaa karibu na chupa ya chai, nao wanasema ni kidole cha Mwenyekiti.

Na yale ya kuharisha na kukohoa? Hayakuwa kwenye ajenda. Yangemlazimu mtu kumwambia Mama Cheche achunge tumbo lake, naye angeuliza kwa nini, na hapo uongo wote ungemwagika. Wifi akapewa kazi ya "kumwangalia". Akamwangalia kweli, kwa macho, kutoka sebuleni, wakati mwenzake alikuwa anaishi nyumba yake mwenyewe na choo chake kina komeo alilolichomelea kwa mkono wake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Waliomficha mtu maradhi yake mwenyewe wahenga hawakuwagusa, nadhani kwa sababu na wao walikuwa na vikao vyao.

Matibabu yakaanza. Chumba cha dripu kiko ghorofa ya juu, na mlangoni kumeandikwa Onkolojia, neno lililochaguliwa kwa uangalifu mkubwa ili asilielewe yeyote linayemhusu. Kila zamu Mwenyekiti alikuwa anakaa koridoni kama mlinzi wa benki. Manesi alikuwa ameshawaomba wasitamke neno kansa. Na kila daktari alipouliza mgonjwa anaendeleaje, kabla Mama Cheche hajafungua mdomo, kaka alikuwa ameshajibu: "Hajambo, anakula, hana shida."

Nywele zikadondoka. "Dawa ya vidonda ni kali," akaambiwa. Akafunga kitambaa, kazi ikaendelea.

Na dawa ikafanya kazi, lazima niseme kweli. Asubuhi moja, akiwa amesimama karakanani, alimega mkate mkavu bila chai, akautafuna, ukashuka. Ukashuka wenyewe! Alipiga kelele hizo mpaka mwenye duka la rangi akakimbia kuzima umeme, akidhani jirani ameshikwa na waya. Mama Cheche akala kipande cha pili kwa kisasi tu.

Wiki hiyohiyo binti akapiga simu. "Mama, likizo inakaribia. Nije?"

"Uje kufanya nini? Kuangalia vidonda? Baki huko upumzike."

"Haya, mama."

Hapo ndipo mimi hukasirika zaidi. Mtoto anajua, mama hajui, na mama ndiye anayemzuia mtoto kuja. Kikao hakikuhitaji hata kuweka mlinzi mlangoni. Kilimweka mgonjwa mwenyewe.

Kisha tumbo likachafuka. Mwanzo lilikuwa jambo la kukimbilia choo cha duka la rangi na kurudi na matusi. Baadaye likawa jambo la kutotoka humo. Akaenda duka la dawa. Dada wa dukani akamwuliza ana tatizo gani, akasema ana vidonda vya tumbo. "Ah, basi epuka pilipili," na vidonge vya kufunga tumbo juu. Akaepuka pilipili kwa uaminifu ambao pilipili haikustahili. Alipoona damu, hakushtuka sana: shangazi amekuwa akisimulia miaka yote jinsi vidonda vinavyotoa damu. Huo ndio ubaya wa uongo uliotungwa vizuri. Una jibu la kila swali, tena hauchelewi kama daktari.

Wala hakumwambia mtu, maana alijua wifi atamfungia karakana.

Siku ya dripu ikafika tena. Akaketi kwenye kiti chake, sista akamtundikia maji ya kuanzia, kisha akamletea mfuko wa dawa ya pili. Kiti cha pembeni alikuwa ameketi mzee waliyemzoea huko kwa jina la Fundi Saa, mwembamba kiasi kwamba saa yake mwenyewe alikuwa anaivalia juu ya kiwiko.

"Sista," akasema Mama Cheche, "leo nina ombi. Ile dawa kali niwekee. Hii ya vitamini mpe huyu mzee. Mimi nguvu ninazo, na nadhani vitamini zimenizidi, tumbo halitulii kabisa. Mwenzangu hapa, feni ikigeuka tu anahama kiti."

Sista akabaki ameshika mfuko kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

"Vitamini?" Fundi Saa akageuza shingo taratibu. "Kwani wewe, mama, unaumwa nini?"

"Vidonda vya tumbo."

Chumba kizima kikacheka. Kilikuwa kicheko cha watu wa chama kimoja wanaompokea mwanachama mpya.

"Mimi wanasema maziwa yaliganda kwenye titi," akasema mama wa kiti cha dirishani.

"Mimi gesi," akasema mwingine. "Gesi ya mwaka wa pili."

"Wanangu mimi waliniambia nimepigwa na baridi kifuani," akasema Fundi Saa. "Nikawaambia haya. Wanajitahidi, maskini. Vidonda vinatibiwa ghorofa ya chini, mama. Huku juu hakuna vidonda. Huku juu hata mwenye kansa hayupo, sote tumekosea mlango."

Akajicheka mwenyewe. Halafu akamtazama usoni, kicheko kikamfia mdomoni. "Mungu wangu. Hukujua kweli?"

Mama Cheche akageuka. "Sista. Nina nini mimi?"

"Mama, ngoja nimwite daktari..."

"Nimekuuliza wewe."

Sista akatazama mlango wa koridoni, kule anakokaa Mwenyekiti. Kutazama huko kulitosha.

Mama Cheche akasimama, akashika kile chuma cha dripu chenye magurudumu, akakisukuma mpaka koridoni kama mtu anayekwenda kufunga geti. Mwenyekiti alikuwa kwenye simu, anaahirisha kikao fulani.

"Kaka. Nina kansa?"

Watu wote koridoni wakageuka. Hata mfagiaji akaegemea ufagio.

"Mdogo wangu, nani amekuletea maneno ya..."

"Nani hajui? Sista anajua, mfagiaji anajua, naona hata feni inajua! Asiyejua ni mwenye koo peke yake!"

"Tulikuwa tunakulinda."

"Na nini?"

"Na... na habari. Ungekata tamaa."

"Mimi?" Akacheka vibaya. "Habari ndiyo ilikuwa inakwama kooni? Habari ndiyo imenitoa nywele? Binti yangu anajua?"

Mwenyekiti akatazama viatu vyake.

"Anajua. Alitaka kuja?"

"Kikao kilimshauri..."

"Kikao! Na mimi nikamwambia asije! Kwa mdomo wangu huu! Nimekaa nachomelea mageti ya watu, naona nina maisha yote mbele, kumbe mmeshaketi mkagawana miezi yangu na chai mkononi! Ilikuwa yangu, kaka. Hata kama ni michache. Hata kama ni mibaya. Yangu!"

Daktari akatoka ofisini mbio. Alikosea sana kutoka.

"Na wewe! Umesoma miaka yote hiyo ili uje uongee na kaka yangu? Ni yeye uliyemshusha kamera?"

"Samahani, mama."

"Samahani iweke pembeni, nitaipitia baadaye."

Lakini sista alikuwa ameshamnong'oneza kitu sikioni, na uso wa daktari ukabadilika. "Mama, tumbo linakusumbua tangu lini?"

"Hajambo," Mwenyekiti akadakia kwa mazoea, "ni chakula tu..."

"Nyamaza!" Mama Cheche na daktari wakasema pamoja. Hilo lilikuwa jambo lao la kwanza kukubaliana.

Mama Cheche akaeleza yote: choo cha duka la rangi, vidonge vya dukani, damu. Daktari akamtoa ile dripu palepale, akaagiza kitanda. Baadaye, wodini, alimwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, kwamba askari wake wameugeukia utumbo. Kwamba vile vidonge vya dukani vilikuwa vinanyamazisha kengele huku nyumba inaungua. Kwamba angesubiri kidogo, utumbo ungeweza kutoboka. Na kwamba sasa watampa dawa za kuwatuliza askari, na wakikataa kutulia, ile dawa iliyomfungulia njia ya mkate hataiona tena.

Zikafuata siku za kusubiri tumbo liseme. Mama Cheche alilala ameukazia macho ukuta kama vile ukuta nao ulihudhuria kikao.

Binti alifika na begi la safari na macho yaliyovimba. Hakupata hata nafasi ya kuamkia.

"Na wewe! Mwalimu mzima! Unachapa watoto wa watu kwa kusema uongo!"

"Sichapi mtu, mama."

"Basi ungeanzia kwa mjomba wako." Lakini akasogeza miguu, binti akapata pa kukaa kitandani.

Tumbo lilipoanza kutulia, familia ikaja. Walijipanga kuzunguka kitanda, shangazi upande wa kichwani, wifi na chupa yake ya chai, Mwenyekiti miguuni, mikono nyuma. Akasafisha koo.

"Mdogo wangu, tumeketi kama familia, tumetafakari kwa kina. Tumeonelea hizi dawa ziachwe. Zimetaka kukuua."

"Dawa?" Mama Cheche akajiinua kwa viwiko. "Dawa ilileta na maelezo yake! Iliwaambia chungeni tumbo! Nyinyi mkayakalia maelezo kama mto wa kochi!"

"Tuache lawama. Huu ugonjwa..."

"Una jina."

"Huu... ugonjwa wenyewe..."

"Una jina, kaka. Umeongoza vikao vya wazima na wafu, hujawahi kupungukiwa neno. Litaje."

Mwenyekiti akafungua mdomo. Akafunga. Shangazi akaanza kulia, akaambiwa alilie vidonda vyake. Yule mzee aliyeweza kuhutubia mtaro wa maji machafu alisimama pale midomo inamcheza, machozi yakamtoka, na neno halikutoka.

"Sawa," akasema dada yake. "Usiyeweza kuutaja huwezi kuuamulia. Nenda nje. Wote nendeni nje, binti yangu abaki. Na chai yenu mwondoke nayo."

Wakatoka. Wifi aligonga chupa mlangoni. Walipishana na daktari akiingia, na kwa mazoea kijana akageuza kichwa kumfuata Mwenyekiti.

"Weee! Mgonjwa yuko huku!"

Daktari akarudi, akasimama kando ya kitanda. Akasema utumbo umeitikia. Kemo inaweza kuendelea. Ile dawa ya pili, akitaka, watasubiri kwanza, wapime tena, kisha waijaribu kwa tahadhari. Huenda utumbo ukakubali, huenda ukawaka upya. Uamuzi ni wake.

"Nitapona?"

Binti akamshika mkono. Daktari akajibu: "Wengi ambao imewafikia hapa hawaponi, mama. Dawa hizi mbili pamoja zinawaongezea wengine muda. Wachache, muda mrefu. Wewe uko wapi kati yao, sijui. Kweli kabisa sijui."

Hasira haikumtoka Mama Cheche, ilikaa pembeni kidogo kumpisha afikiri.

"Nataka ijaribiwe," akasema. "Na tumbo likigugumia hata kidogo, nakupigia mimi, siyo ukoo."

"Nipigie muda wowote."

"Usipopokea nitakuja na mashine. Sasa vuta kiti. Anza mwanzo, tangu siku ile ya kamera. Uliona nini? Na usiniruke."

Daktari akavuta kiti, akaketi, akaanza. Alieleza vizuri. Alipofika kwenye ini akashusha sauti.

"Paza," akasema Mama Cheche.